Mashine Haitii Sahihi

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mjini Mafinga na injinia mmoja, mwanachama wetu, mbele ya viongozi na wanachama wa matawi ya Iringa na Mbeya. Tunayachapa yote, kwa kuwa wasomaji wetu wengi wamo katika kamati za ujenzi za vijiji na kata zao. – Mhariri)



Katibu aliniandikia barua akitaka niseme juu ya akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde, na kazi ya ujenzi. Jambo hili katika siku hizi lasemwa sana, na walisemao ni watu wa namna mbili. Wa kwanza wasema mashine imekuja kutukomboa, basi tukae tupumzike. Wa pili wasema imekuja kutumeza, basi tukimbie. Mimi sikuja kuwalaza wala kuwakimbiza. Nimekuja kuwaeleza kama fundi anavyomweleza mwanafunzi wake juu ya chombo kipya: chafanya kazi gani, hakiwezi kazi gani, na kikikosea nani atajibu.

Nalisema kwenu kwa sababu ninyi ndio wenye majengo. Mwaka 2021, Serikali ilipopata mkopo kwa ajili ya kupambana na Uviko-19, madarasa 15,000 yalijengwa nchi nzima kwa muda wa miezi michache. Mengi yalijengwa na mafundi wa pale pale, chini ya kamati za wananchi. Katika kamati hizo walikuwamo wanachama wa Chama hiki. Aliyehesabu mifuko ya saruji ni wewe. Aliyepokea nondo kutoka kwenye gari ni wewe. Na watoto wanaosoma chini ya lile paa ni wako. Kwa hiyo habari hii si ya mainjinia peke yao.

Ukuta wa Kalenga na Reli ya Uhuru

Watu wa nyanda hizi hawahitaji kufundishwa kwamba kujenga ni maarifa. Mababu zetu wa Uhehe walijenga tembe. Wanyakyusa wa Rungwe walijenga nyumba za mianzi zilizowashangaza wasafiri wa Ulaya. Na Mtwa Mkwawa alijenga ngome Kalenga, ukuta mkubwa wa mawe na udongo. Mwaka 1891, pale Lugalo, askari wake walilishinda jeshi la Wajerumani na kumwua kamanda wao, Zelewski. Lakini Oktoba 1894 Wajerumani walirudi na mizinga, na ngome ikaanguka. Ukuta ule haukujengwa kwa ujinga. Ulijengwa kukabili silaha zilizojulikana kwa wajenzi wake, na mzinga haukuwa katika hesabu yao. Tangu siku ile twajua kwamba anayekataa kujifunza chombo cha mwenzake hupigwa kwa chombo hicho hicho.

Huo ni mfano wa kwanza. Wa pili ni reli ya TAZARA, ambayo wengi mliokaa hapa mmeipanda kutoka Mbeya au Makambako. Mwaka 1964 wataalamu wa Benki ya Dunia walipiga hesabu wakasema reli ya kwenda Zambia haitalipa. Sisi na ndugu zetu wa Zambia hatukukubali. Mwaka 1967 makubaliano yalitiwa sahihi Peking, ujenzi ukaanza mwaka 1970, na mwaka 1976 reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi ilikabidhiwa. Ni kweli kwamba reli hiyo imepata taabu nyingi za biashara tangu hapo, na haifai tufiche. Lakini hesabu ya wale wataalamu haikuwa na nafasi ya kuandika uhuru wa Zambia, nchi iliyozibwa njia na walowezi wa kusini. Walijumlisha vizuri yale waliyoyatia ndani, na lile wasilolitia halikutokea katika jibu.

Na tazameni vile vile jinsi reli ilivyojengwa. Wapimaji wa Kichina na vijana wetu walitembea kwa miguu miezi mingi, milimani na mabondeni, wakipima ardhi kabla ya zege kumwagwa. Kati ya Mlimba na Makambako, kipande kigumu kuliko vyote, ndipo palipo na wingi wa mahandaki na madaraja, na daraja la Mpanga lenye nguzo ndefu zenye kimo cha mita 50. Nguzo zile zimesimama kwa sababu mtu alishuka bondeni akapima udongo wa pale.

Ndugu zangu, wekeni akilini mambo hayo mawili: kwamba chombo kipya lazima tukijifunze, na kwamba jibu la hesabu hutegemea kilichotiwa ndani yake. Yote nitakayosema juu ya akili mnemba yamo humo.

Mashine Hujifunzaje?

Jina hili la akili mnemba lilianza kutumiwa na wataalamu wa Marekani mwaka 1955. Katika kazi yetu ya majengo lilichelewa kidogo. Ni mwaka 1989 ndipo profesa Hojjat Adeli wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, pamoja na mwenzake, walipochapisha makala ya kwanza kuonyesha kwamba mashine ya namna hii yaweza kusaidia kusanifu boriti.

Kompyuta yenyewe ilikuwa imekwisha kuingia zamani. Ilitumika kukokotoa paa la jumba la opera la Sydney, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1959 na kufunguliwa mwaka 1973. Lakini kompyuta ya kale ilifuata kanuni alizopewa na injinia, hatua kwa hatua, kama karani mtiifu. Hii mpya yafanya jambo jingine.

Mfikirie mama muuza viazi pale Mwanjelwa. Akishika kiazi mara moja tu ajua hiki kimeoza ndani. Ukimwuliza kanuni yake hana. Ameshika viazi maelfu kwa maelfu, vizuri na vibovu, mpaka mkono wake umejua. Akili mnemba ni kama mkono wa mama huyo. Haipewi kanuni, bali huonyeshwa mifano mingi pamoja na majibu yake, nayo hujirekebisha kidogo kidogo mpaka iweze kubahatisha jibu la mfano mpya. Nasema kubahatisha kwa makusudi. Ni bahati iliyofundishwa, na mara nyingi yapata. Lakini mpeleke mama yule akachague samaki pale Feri, Dar es Salaam, na utaona mkono wake umekuwa mgeni.

Kazi Inazoziweza

Sasa nieleze kazi ambazo mashine hizi zafanya kweli, maana ziko.

Ya kwanza ni kutazama nyufa. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa daraja usemi huo ni mkali zaidi. Tarehe 14 Agosti 2018 daraja la Morandi katika mji wa Genoa, Italia, lilianguka na kuua watu 43. Daraja jipya lililofunguliwa mahali pale mwaka 2020 limewekewa mashine zinazotembea chini ya tumbo lake zikipiga picha, na programu huzitazama picha hizo kutafuta dalili ya ubovu. Mtu akitazama picha elfu kumi jicho huchoka. Mashine haichoki. Sisi nasi tuna haja hiyo. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Mwaka 2013 jengo jingine la ghorofa 16 lilikuwa limeanguka mtaa wa Indira Gandhi na kuua zaidi ya 30. Baada ya msiba wa Kariakoo Serikali iliunda tume ya kukagua majengo ya pale. Fikirieni kazi ya kukagua mtaa mzima wa maghorofa kwa macho ya watu wachache. Ndege ndogo isiyo na rubani yaweza kupiga picha za kuta zote, na programu ikazipanga: hizi zaonyesha nyufa za kutiliwa shaka, nendeni hapa kwanza. Mkaguzi bado aenda, lakini aenda akijua aanzie wapi.

Ya pili ni kuhesabu majengo kutoka juu. Mfano mzuri tunao nyumbani. Kuanzia mwaka 2016, Zanzibar ilipigwa picha kwa ndege ndogo, Unguja na Pemba, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwa miongoni mwa waliozirusha. Mwaka 2018 picha hizo zilitolewa kwa mashindano: nani ataifundisha mashine kutambua kila jengo, na kusema hili limekamilika, hili halijaisha, huu ni msingi tu? Angalieni faida yake kwa serikali ya mtaa. Msingi ukionekana leo mahali pasipo na kibali, mkaguzi afika kabla ghorofa la tatu halijapanda. Mwaka 2021 wataalamu wa kampuni ya Google waliopo Accra, Ghana, walitoa ramani iliyotambua majengo milioni 516 katika Afrika kwa njia hiyo hiyo, kwa picha za setilaiti.

Ya tatu ni kusaidia kusanifu. Zamani mchoraji alichora umbo moja la paa, akalikokotoa, likionekana zito akaanza tena. Programu za leo zaweza kujaribu maumbo mengi sana kwa saa chache na kuonyesha yale yanayotumia chuma kidogo bila kupungukiwa nguvu. Kwa nchi inayonunua sehemu ya chuma chake nje, kila nondo iliyookolewa ni fedha iliyobaki nyumbani.

Ya nne ni kukisia nguvu ya zege kabla halijakauka. Hapa nitasimama kidogo, maana hapa ndipo penye fundisho letu.

Ya Kwetu Hayamo

Ninyi wajenzi mwajua desturi. Zege likimwagwa, twachukua kiasi kidogo, twajaza sanduku la chuma lenye upande wa milimita 150, twalitunza ndani ya maji, na siku ya 28 twalivunja kwa mashine ya kugandamiza. Zege lililokusudiwa kuwa la nguvu ya nyutoni 25 kwa milimita ya mraba lapasa kubeba tani 57 hivi kabla ya kuvunjika. Ni kama kulipakia tofali moja gari zima la mizigo kati ya hayo mnayoyaona yakijikokota mlima Kitonga, ambayo sheria ya Afrika Mashariki yameyawekea kikomo cha tani 56. Fundi akiongeza maji ili zege limwagike kwa urahisi, tofali lile laweza kupoteza theluthi ya nguvu yake au zaidi, na kwa macho huoni lolote.

Mwaka 1998 mtaalamu wa Taiwan, I-Cheng Yeh, alionyesha kwamba mashine yaweza kukisia nguvu hiyo. Alikusanya majaribio ya zege, akaandika kila moja lilikuwa na saruji kiasi gani, maji kiasi gani, mchanga, kokoto, dawa, na siku ngapi. Daftari la majaribio 1,030 aliloliacha limetumiwa na wanafunzi na wataalamu wa dunia nzima kufundishia mashine zao mpaka leo. Ni kazi njema, na alimpa kila mtu bila kuficha.

Lakini, Ndugu Mwenyekiti, katika daftari lile hakuna mchanga wa mito yetu. Hakuna kokoto iliyopondwa kwa nyundo na mama zetu kando ya barabara. Hakuna yale mawe mepesi ya volkano ya Rungwe, ambayo yakisagwa yaweza kuchanganywa na saruji. Mashine iliyofundishwa kwa daftari lile ni mama wa Mwanjelwa aliyepelekwa Feri. Haitasema sijui. Itakupa namba, na namba hiyo itaonekana safi.

Tena si zege peke yake. Nje ya ukumbi huu zimepangwa mbao za paini kutoka msitu wa Sao Hill. Paa za shule nyingi za nchi hii hutegemea mbao za hapa Mufindi. Mti uliokatwa ukiwa mchanga hutoa mbao dhaifu kuliko uliokomaa, ingawa vipimo vya upana na unene ni vile vile. Programu iliyofundishwa kwa mbao za Ulaya zilizopangwa kwa daraja haijui kwamba mbao yako ni ya mti wa miaka mingapi. Shukeni Usangu, mtakuta udongo mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, ukiinua na kushusha misingi. Pandeni Rungwe, mtakuta udongo wa majivu ya volkano wenye tabia yake.

Na liko jambo kubwa zaidi kwa watu wa Mbeya. Mji wenu umekaa mahali ambapo matawi ya Bonde la Ufa yanakutana, la Rukwa, la Usangu na la Nyasa. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko lenye kipimo cha 7.4 lilipiga upande wa Rukwa, na ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopata kupimwa katika Afrika. Mwaka 2016 watu wa Kagera walilia kwa tetemeko la kipimo cha 5.9, ambalo ni dogo sana kuliko lile. Sasa mainjinia wetu wengi tulifundishwa kusanifu zege kwa kanuni za Uingereza zilizoitwa BS 8110, ambazo Waingereza wenyewe waliziondoa mwaka 2010. Kanuni hizo hazina sura ya tetemeko, kwa kuwa kisiwa chao hakitishiki sana na matetemeko. Ukiifundisha mashine kwa michoro iliyochorwa kwa kanuni hizo, itakuchorea haraka sana nyumba nzuri ya kujengwa Uingereza, nawe utaijenga Mbeya.

Sisemi kwamba kuna mtu amekaa mahali akitutega. Hapana. Aliyetengeneza chombo aliweka ndani yake kile alichokuwa nacho. Kosa litakuwa letu tukikipokea kama kilivyo, tukalipa kwa dola kila mwaka, na vipimo vya ardhi yetu wenyewe tukaviacha vioze ndani ya makabati.

Fundi na Simu Yake

Nitawasimulia niliyoyaona katika wilaya moja ya nyanda hizi, nayo siitaji. Nilipita mahali panapojengwa jengo la shule. Fundi mkuu, mtu mzima mwenye heshima zake, alinionyesha simu kwa furaha. Akasema, "Injinia, siku hizi hatuwasumbui. Nimeiuliza hii, boriti ya mita 6 nitie nondo ngapi. Imenijibu nondo 4 za milimita 12, na imenichorea."

Nikamwuliza, "Mzee wangu, uliiambia juu ya boriti kutakaa nini?"

Akanyamaza. Akasema, "Haikuniuliza."

Juu ya boriti ile lilikuwa limepangwa kukaa tangi la maji la lita 5,000. Maji hayo peke yake ni tani 5. Tulikaa juu ya mbao tukapiga hesabu kwa kalamu, na boriti ikabadilika kabisa, upana, kimo na nondo. Fundi yule hakuwa mvivu wala mjinga. Alifanya bidii kupata maarifa mahali ambapo injinia hafiki ila mara moja kwa mwezi, na hapo sisi mainjinia tuna lawama yetu. Lakini mkumbuke neno lake: haikuniuliza. Mjenzi wa kweli huanza kwa kuuliza. Mashine za kuzungumza hujibu upesi, kwa lugha nzuri, na zikikosa hukosa kwa lugha ile ile nzuri. Zimepata hata kutaja kanuni na vitabu visivyokuwako.

Nitawapa hesabu moja ya kwenda nayo nyumbani. Boriti ikibeba uzito uliotandazwa sawasawa kila mita, ukiongeza urefu wake kutoka mita 3 hadi 6, nguvu ya kuipinda haiongezeki mara 2. Huongezeka mara 4. Basi jibu lolote litakaloongeza nondo mara 2 tu kwa boriti ya kimo kile kile, lirudisheni, liwe limetoka kwa mtu au kwa simu. Huhitaji shahada kwa hesabu hiyo.

Nani Atajibu?

Katika nchi yetu injinia husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mkandarasi na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, kwa sheria za mwaka 1997. Maana ya usajili ni kwamba mchoro una mtu. Anaweka sahihi na muhuri wake, na jengo likianguka aitwa kwa jina lake, aulizwe, na akipatikana na kosa anyang'anywe kazi au ashitakiwe. Mashine haitii sahihi. Huwezi kuiita mbele ya Bodi wala kuisimamisha mbele ya mama aliyefiwa. Kampuni iliyoiuza mara nyingi imekwisha kuandika katika masharti yake kwamba haihusiki na matumizi utakayoyafanya.

Kwa hiyo hatari ninayoiona si mashine kuweka sahihi. Ni mtu kuweka sahihi juu ya kitu ambacho hakukikokotoa na asichoweza kukikagua. Kijana aliyetoka chuoni, mwenye programu inayotoa michoro kumi kwa siku, akitia muhuri yote kumi, amegeuka karani wa mashine. Na watu watalala ndani ya nyumba wakidhani injinia aliitazama.

Vijana wameniuliza kama kazi zitaisha. Nitasema kweli. Kazi ya kunakili michoro na kuhesabu nondo kwa mkono itapungua, kama kazi ya kupiga chapa kwa taipureta ilivyopungua. Lakini kazi ya kupima udongo, kuvunja matofali ya majaribio, kutunza vipimo na kukagua majibu itaongezeka, nayo haiwezi kufanywa na mtu aliyeko California. Sharti awe hapa, na viatu vyake viwe na matope ya hapa.

Kazi Iliyo Mbele Yetu

Ndugu wanachama, mazungumzo bila kazi ni upepo. Nina mambo manne.

La kwanza, tutunze vipimo vyetu. Kila tofali la majaribio linalovunjwa Mbeya na Iringa, kwa barabara au shule au zahanati, liandikwe: saruji gani, mchanga wa wapi, maji kiasi gani, lilivunjika kwa uzito gani. Kila shimo la kupima udongo vile vile. Leo karatasi hizo hufungwa pamoja na faili la mradi, na mradi ukiisha hufa. Bwana Yeh alianza na majaribio 1,030. Je, mikoa hii haina 1,030? Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbeya, kilichoanza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi, kiko pale pale, na vijana wake wa uhandisi na kompyuta wanaweza kuzikusanya. Hapo ndipo tutakuwa na mashine inayoijua kokoto yetu, na daftari liwe mali ya umma.

La pili, hesabu ya mkono iendelee kufundishwa. Anayejua kupiga hesabu ya boriti kwa kalamu ataitumia mashine. Asiyejua atatumiwa nayo.

La tatu, mainjinia wa halmashauri wafikiwe na mafundi. Kama fundi anaiuliza simu, ni kwa sababu simu iko karibu kuliko injinia. Tuwadai, kwa heshima, ratiba ya kufika, na namba ya kuwapigia fundi akikwama.

La nne ni lenu wana kamati. Mchoro ukiletwa, ulizeni maswali matatu kabla mfuko wa kwanza haujafunguliwa. Nani, kwa jina na namba ya usajili, ameukagua na kutia sahihi? Udongo wa mahali hapa ulipimwa lini na nani? Juu ya boriti hii na ukuta huu kutakaa nini, sasa na baadaye? Mkijibiwa kwamba kompyuta imekwisha kusema, semeni asante, kisha rudieni swali la kwanza. Msione haya. Hakuna aliyefungwa kwa kuuliza, lakini wamo waliozikwa kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Ndugu zangu, ukuta wa Kalenga ulijengwa kabla wajenzi wake hawajapata nafasi ya kuujifunza mzinga. Sisi nafasi tunayo. Chombo hiki kiko mikononi mwa watoto wetu, ndani ya simu zao, na kila siku kinajibu maswali juu ya nyumba tutakazolala. Tukijifunze, tukipe vipimo vya nchi yetu, na sahihi ibaki kuwa ya mtu tunayemjua, tunayeweza kumwita naye akaja.

Sasa kama kuna maswali, nipo. Tuanze na mama yule pale nyuma, maana mkono wake umeinuliwa tangu nilipotaja maji ya zege.

Uhuru na Kazi!